Mfumo mpya wa fedha chuoni "umegoma"? Pitia hapa kabla hujampigia mtu wa IT

Ukiwekwa dawati la msaada chuoni siku za mwanzo baada ya mfumo mpya wa fedha kuwashwa, maneno utakayoyasikia kuliko yote ni "mfumo umegoma". Anasema katibu muhtasi, anasema amidi, anasema mwanafunzi anayetaka kuingia mtihani, anasema hadi mlinzi wa getini ambaye hajawahi kuuona huo mfumo ila anajua hela yake ya ovataimu imechelewa. Na mara nyingi mfumo haujagoma hata kidogo, unafanya kile kile ulichopangiwa kufanya, tatizo huyo mtu kuna kitu hakuambiwa, au aliambiwa zamani akasahau, au aliyeambiwa ni bosi wake na bosi akakaa na habari mezani.

Haya nimeyaandika kwa wale ambao chuo kimewapa kazi ya "mawasiliano na mafunzo" ya mfumo mpya. Ni kazi inayokumbukwaga mwishoni, hela ya seva na ya washauri ishatengwa, ndo anatafutwa mhasibu mmoja kijana anayejua kuongea mbele za watu na mtu mmoja wa TEHAMA mpole, wanaambiwa nyie mtafundisha. Kwenye vyuo vyetu vya umma hapa Tanzania mambo yamekuja kwa mafungu: GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, na kontro namba zake tangu 2017, halafu MUSE ya Wizara ya Fedha, mfumo wa kufanyia malipo, ikachukua nafasi ya Epicor, 2023 NeST ya PPRA (mamlaka ya manunuzi ya umma) ikaiondoa TANePS kwenye manunuzi, na katikati hapo chuo kina mfumo wake wa wanafunzi unaotakiwa uelewane na hao wote. Mtumishi mmoja anaweza kuwa na pasiwedi nne na hajui ipi inafungua wapi. Muonee huruma kidogo kabla hujaanza kumfokea.

Na usidhani ni ushamba wetu. Chuo cha Cambridge waliwasha mfumo wao wa fedha wa CAPSA, uliojengwa juu ya programu ya Oracle, Agosti 2000, ukavuruga chuo, na ripoti ya uchunguzi iliyotoka 2001 ikataja pamoja na madudu mengine ya usimamizi kwamba watumiaji hawakushirikishwa vya kutosha na mafunzo hayakukaa sawa. Edinburgh nao wakawasha upande wa fedha wa mfumo wao wa People and Money mwaka 2022, Oracle hiyo hiyo, wazabuni wakacheleweshewa malipo na wanafunzi wa PhD wakacheleweshewa hela ya kujikimu, chuo kikaomba radhi. Hao wote waliwasha Agosti, kwa sababu vyuo vya Uingereza mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Agosti kama sisi wetu unavyoanza 1 Julai. Sasa fikiria, mfumo unawashwa wakati ule ule wahasibu wamezama kwenye kufunga hesabu za mwaka uliopita, na hao hao wahasibu ndo unawategemea wakufundishie watu. Hawapo! Wapo ofisini ila hawapo.

Twende kwenye dalili. Nimeziandika kama watu wanavyozisema, maana hakuna anayekupigia simu akakwambia "nina tatizo la mgawanyo wa majukumu".

"Mfumo uko chini"

Muulize ni yeye tu au na wa meza ya pili. Kama ni yeye tu, ni pasiwedi, au brauza ya zamani, au ameandika anwani ya mfumo kwenye Google badala ya juu pale panapotakiwa akaishia kwenye ukurasa mwingine kabisa. Kama ni jengo zima, ni mtandao wa jengo, mpigie mtu wa mtandao. Kama ni chuo kizima na vyuo vingine wanalalamika, basi kweli uko chini, na hapo kazi yako ni moja tu: tuma meseji ndani ya dakika chache kwamba mnajua, msiendelee kujaribu, tutawaambia ukirudi. Halafu ukirudi waambie kweli. Watu wanasahau hiyo ya pili, unakuta saa kumi jioni nusu ya chuo bado inajua mfumo haupo wakati umerudi tangu saa tano.

"Kitufe cha kuidhinisha sikioni"

Hakipo kwa sababu hujapewa. Mifumo hii inagawa kazi: mmoja anaandaa, mwingine anahakiki, mwingine anaidhinisha, na aliyeandaa hawezi kujiidhinishia. Huo ndo udhibiti wenyewe, sio kasoro. Ila chunguza orodha ya majukumu ilipatikanaje. Kawaida inaenda barua kwa wakuu wa idara, "leteni majina", mkuu wa idara anamwachia katibu muhtasi, katibu anaandika majina anayoyajua, barua inarudi. Mpaka mfumo unawashwa kuna mkuu wa idara kamaliza muda wake, kuna mwingine yuko masomoni na anayekaimu hayupo kwenye mfumo kabisa.

Hapa kuna hatari moja ambayo inabidi uiwahi. Watu wakikwama wanapeana pasiwedi. Mkuu wa idara anasafiri, anamwachia katibu muhtasi pasiwedi kwenye kikaratasi, kazi zinaenda vizuri na kila mtu anafurahi, mpaka siku mkaguzi wa ndani anauliza hii vocha imeidhinishwa saa nne usiku na mtu ambaye pasipoti yake inaonyesha alikuwa nje ya nchi. Ukiwakataza tu hawaachi, kwa sababu kazi lazima iende. Waonyeshe jinsi ya kukaimisha ndani ya mfumo kama upo uwezo huo, na kama haupo weka utaratibu wa fomu ya ukurasa mmoja inayofanyiwa kazi siku hiyo hiyo. Fomu ikichukua wiki, kikaratasi kitarudi.

"Vocha nilishaingiza wiki iliyopita, haipo"

Hii nimeiona kwa macho. Dada mmoja wa kitivo, mchapakazi kweli, anakuja na rejista yake ya mkono, vocha zote kaziandika kwa tarehe na kiasi, anasema kaka hizi zote niliingiza, mtafuteni aliyezifuta. Tukafungua kompyuta yake. Kwenye brauza alikuwa amehifadhi anwani aliyopewa siku ya mafunzo, na anwani ile ilikuwa ya mazingira ya mazoezi, ule mfumo wa kujifunzia ambao kila kitu kinafanana na mfumo halisi, rangi ile ile, nembo ile ile ya chuo, menyu zile zile. Vocha zote alikuwa ameziingiza vizuri, bila kosa hata moja, mahali ambapo hakuna benki inayoangalia. Hapo watu wanasubiri posho zao za usimamizi wa mtihani.

Aliyefuta hapa hakuna, na kosa sio lake. Dawa yake ni kabla ya mafunzo: waambie wataalamu waweke utepe mwekundu mkubwa juu ya kila ukurasa wa mazoezi wenye maneno HAPA NI MAZOEZI, HAKUNA MALIPO. Na siku ya kuwasha mfumo halisi mazingira ya mazoezi yafungwe kwa siku kadhaa, anayeingia akute ujumbe unaomuelekeza aende wapi. Watakwambia hilo ni jambo dogo la rangi tu, tutafanya baadaye. Ng'ang'ana.

"Kasma haina hela, na mimi najua hela ipo"

Hii ndo mama yao (kasma ni kile kifungu cha bajeti). Kama una muda wa kuandaa somo moja tu kwa chuo kizima, andaa hili, kwa sababu mtu aliyekwama hapa anaweza kuwa na shida yoyote kati ya kadhaa na zote kwenye skrini zinaonekana sawa, ujumbe mwekundu kwamba bakaa, yaani salio la kifungu, haitoshi.

Anza na namba. Mfumo wa zamani kila idara ilikuwa na kanamba kake kafupi ambako katibu muhtasi anakajua kama namba ya simu ya mama yake. Mfumo mpya una namba ndefu za GFS, zinazotokana na mwongozo wa IMF wa takwimu za fedha za serikali, na safari ya ndani iko peke yake, dizeli iko peke yake, shajala iko peke yake, ukumbi uko peke yake. Zamani yote yalikuwa "matumizi mengineyo ya idara". Kwa hiyo hela ipo ila ipo kwenye kifungu cha mafuta na wewe unajaribu kununua wino wa printa. Hapa mafunzo hayahitaji projekta, yanahitaji karatasi moja: kushoto namba ya zamani, kulia namba mpya, katikati kwa Kiswahili cha kawaida inalipia nini. Kila idara ipewe ya kwake, sio kitabu cha chuo kizima chenye namba mia tano. Ukimpa mtu kitabu hicho anakiweka chini ya kompyuta kunyanyua skrini.

Pili, bajeti na fedha ni vitu viwili. Walimu wengi, na wasomi wakubwa tu, wanaamini baraza la chuo likipitisha bajeti basi hela ishaingia. Bajeti ni ruhusa. Fedha zinakuja kwa awamu, ruzuku ina ratiba yake, ada zinaingia kadiri wanafunzi wanavyolipa. Mfumo wa zamani ulikuwa hauoni tofauti hiyo, mhasibu ndo alikuwa anaiona, anakwambia subiri kidogo mwalimu. Sasa mfumo unakwambia wewe mwenyewe, bila adabu, kwa rangi nyekundu.

Tatu, hela iliyoshikwa. Hapa ndo wanapogombana. Zamani salio lilikuwa linapungua siku hundi inapotoka. Mfumo mpya unaishika hela mapema, pale LPO, ile hati ya kuagiza mali kwa mzabuni, inapotolewa, ili usije ukaagiza vitu vya milioni kumi mara mbili kwa milioni kumi hizo hizo. Kwa hiyo idara inaona bakaa imeshuka wakati hakuna kilicholipwa na inaamini uhasibu wamekula hela yao. Profesa mmoja alisimama kikaoni akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Naomba kujua nani ametumia hela ya maabara yangu." Hakuna aliyetumia. Kulikuwa na LPO ya kemikali ya miezi kadhaa nyuma, mzabuni alishindwa kuleta, na hakuna aliyeifuta, basi hela imekaa pale imeshikwa na oda ya marehemu. Mfundishe kila mkuu wa idara kufungua ile ripoti ya LPO zilizo wazi na kusema hii futa, hii acha. Dakika chache tu. Nashangaa mafunzo mengi yanatumia asubuhi nzima kuonyesha jinsi ya kubadilisha picha ya wasifu na hili halimo.

Nne ni bajeti yenyewe kutoingizwa kwenye mfumo, au imeingizwa kwenye kituo kisicho sahihi. Chuo kimeunganisha idara mbili, kwenye mfumo bado ni mbili, bajeti iko kwa ile iliyokufa. Hiyo ni ya uhasibu na mipango, wewe peleka tu, lakini peleka na namba ya kifungu, jina la idara na skrinshoti, usipeleke "idara ya fizikia wanalalamika".

Na watafiti wenye miradi ya wafadhili wana shida yao ya ziada. Mfadhili ana vifungu vyake, anataka ripoti kwa dola au yuro, mwaka wake unaanza Januari, na mfumo wa chuo una vifungu vya serikali, shilingi, na Julai. Mtafiti mkuu anatakiwa akae na mhasibu wa miradi, wachore pamoja kifungu gani cha mfadhili kinaangukia wapi, kabla senti ya kwanza haijaingia. Ukifanya hiyo kwenye semina ya watu themanini umepoteza muda wa wote.

"Nimelipa ada lakini nadaiwa"

Huyu sio mtumishi ila ndo atakayejaza korido yako, kwa hiyo mpango wa mawasiliano usiokuwa na mwanafunzi ndani yake haujakamilika.

Muombe risiti au meseji ya malipo na uangalie namba aliyolipia. Kontro namba za GePG ni tarakimu 12, na kila moja ni ya bili fulani ya mtu fulani. Mara utakuta kalipia kontro namba ya rafiki yake waliyotumiana WhatsApp ("si ada ni ile ile?"), mara kalipia ya hosteli akidhani ni ya ada, mara namba imeisha muda akaambiwa na wakala ajaribu tena, hajajaribu. Mara hela imefika kweli, inaonekana kwenye GePG, ila mfumo wa wanafunzi haujaivuta, na hapo ndo kweli ni tatizo la kiufundi, lipeleke na kontro namba pamoja na tarehe. Na wale wa mkopo, HESLB, bodi ya mikopo, imempangia ila hela haijafika chuoni, mfumo unaonyesha deni, yeye anaona jina lake kwenye orodha ya waliopata. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, muelezee taratibu.

Ila kuna sababu moja inayonikera kuliko zote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja na pei-in slipu ya benki, kaweka hela moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kama zamani. Kaipata wapi namba ya akaunti? Kwenye fomu ya kujiunga. Fomu mpya ina kontro namba, ndiyo, lakini PDF ya zamani bado inazunguka kwenye magrupu, na ukienda kwenye ubao wa matangazo nje ya uhasibu, chini ya matangazo mapya, ile karatasi iliyofifia yenye namba za akaunti za benki tatu bado ipo, imebandikwa na gundi kali. Tangazo jipya halifuti la zamani. Kuna mtu inabidi azunguke chuo na kisu cha kubandulia karatasi, na aingie kwenye tovuti kufuta mafaili ya zamani, na hiyo nayo ni kazi ya mawasiliano, iandikeni kwenye mpango.

"Imprest yangu haitoki"

Imprest ni ile hela ya safari au kazi anayopewa mtu kabla. Angalia kama kuna ya nyuma hajaretaya, yaani hajaleta risiti na maelezo ya alivyoitumia. Asilimia kubwa ndo hiyo. Zamani mtu alikuwa anaweza kudaiwa marejesho ya safari tatu na bado akapata ya nne, inategemea anamfahamu nani. Mfumo mpya hamfahamu mtu. Anakuja amevimba, "mfumo wenu mbovu", na ukweli ni kwamba huo utaratibu ulikuwepo kwenye kanuni siku zote, kilichobadilika ni kwamba sasa unatekelezwa.

Hapa usijibu wewe mtu wa IT. Nasema tena, usijibu. Ukijibu inaonekana ni uamuzi wa kompyuta na kesho ataenda kwa makamu mkuu wa chuo kuomba kompyuta irekebishwe. Barua inayosema "kuanzia tarehe fulani asiyeretaya hapati" isainiwe na afisa masuuli, yule mwenye dhamana ya fedha za chuo, itoke kabla ya mfumo kuwashwa, na itaje yule anayedaiwa afanye nini: alete risiti za EFD, ripoti ya safari, tiketi, na hela iliyobaki arudishe kwa kontro namba. Wapeni pia kipindi cha kusafisha madeni ya nyuma, watu waje na maboksi yao ya risiti wakae na mhasibu mezani. Wapo watakaokuja na risiti zilizofifia hadi nyeupe kabisa, zile za karatasi ya joto. Waambieni mapema wazipige picha.

"Mzabuni ananipigia kila siku"

Fuata mnyororo kwa mpangilio: LPO ipo? Mali imepokelewa kwenye mfumo, au imepokelewa stoo tu kwa kusaini delivari? Invoisi imeingizwa? Vinafanana kwa kiasi? Jina la akaunti ya benki linafanana na jina la kampuni? Ukikuta imekwama, nane kati ya kumi, kwa makadirio yangu ya mtaani tu, ni stoo. Mtunza stoo hakualikwa mafunzo kwa sababu eti mafunzo yalikuwa ya "watumishi wa fedha". Yeye sio wa fedha lakini asipobofya pale hakuna kitakacholipwa chuo kizima. Chora njia ya hela kuanzia mtu anayeomba hadi benki, na kila mkono unaoigusa uwe kwenye orodha ya mafunzo, hata kama ni wa fundi wa karakana.

Na mzabuni mwenyewe muandikieni. Barua fupi: tumebadilisha mfumo, invoisi peleka hapa, lazima iwe na namba ya LPO, ukikwama piga namba hii. Mama anayewapikia vitafunwa vya vikao haelewi MUSE ni nini na hana sababu ya kuelewa, anachojua ana deni la mchele dukani kwa mtu.

"Tulifundishwa ila hatukumbuki"

Uliza maswali matatu manne ya kichokozi. Nani alienda kwenye mafunzo? Kama yalikuwa Morogoro au Bagamoyo na kuna posho ya kujikimu, walienda wakubwa, na wadogo wanaoingiza vocha walibaki kulinda ofisi. Yalifanyika lini? Kama ilikuwa Machi na mfumo ukawashwa Julai, imeshayeyuka, kichwa cha mtu hakitunzi menyu asizozitumia. Waligusa kompyuta wenyewe au waliangalia projekta? Mazoezi yalikuwa na "Mzabuni Jaribio 1" na kiasi cha shilingi mia, au na invoisi halisi ya dizeli yenye VAT na iliyokosewa tarehe?

Mafunzo ya kuokoa jahazi ni haya: watu wanane au kumi wa kazi inayofanana, kwenye ofisi yao wenyewe, kila mtu na kompyuta yake, waje na karatasi zao halisi za wiki hiyo. Usiulize "mmeelewa?", hakuna Mtanzania atakayesema hapana mbele ya bosi wake. Sema ingiza hii vocha tuone, halafu nyamaza, kaa na mikono yako mfukoni. Utaona mwenyewe anapokwama, na ukiona watatu wamekwama sehemu moja, andika hapo ndo pa kutengenezea mwongozo. Mwongozo uwe kurasa mbili zenye picha za skrini. Ule wa kurasa 140 mlioletewa na washauri uacheni kwenye tovuti kwa ajili ya wakaguzi.

Mabosi wafundisheni peke yao. Profesa hawezi kuuliza mbele ya karani wake kitufe cha kurudi nyuma kiko wapi. Mfuate ofisini, dakika ishirini, kitu kimoja tu: jinsi ya kuona kinachomsubiri na kuidhinisha au kurudisha. Ukishamaliza angalia arifa zinaenda wapi. Zinaenda kwenye imeli ya chuo ambayo hajaifungua tangu aajiriwe, yeye anatumia Gmail na WhatsApp. Vocha nyingi "zilizokwama kwenye mfumo" zimekaa humo, kwenye boksi la imeli la mtu mwenye afya njema kabisa.

"Mbona hatukuambiwa?"

Waliambiwa. Tafuta tangazo lenyewe ulisome. Litakuwa linaanza "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu", aya ya pili inaeleza azma ya chuo kuboresha utendaji kwa kutumia TEHAMA, aya ya tatu inataja kamati, na tarehe ya mwisho ya kupokea madokezo ya karatasi iko ukurasa wa pili, sentensi ya tano. Ligeuze: "Kuanzia Jumatatu tarehe 1 Julai uhasibu hawatapokea dokezo la karatasi la malipo. Dokezo lililokwisha sainiwa lilete kabla ya Ijumaa saa tisa. Ukikwama piga namba hii." Hayo ndo yawe juu, azma ya chuo ikae chini kwa anayependa kusoma. Litoke kwa mkuu wao wa karibu, sio kutoka "kamati ya mfumo", na lirudiwe siku inayotangulia, kwenye WhatsApp, kwa mistari miwili. Grupu la WhatsApp la msaada fungueni, ila muweke mtu wa kulijibu, na pasiwedi wala slipu ya mshahara visipostiwe humo. Vitapostiwa. Mtu wa kufuta awepo.

"Mfumo sawa, ila hesabu zangu naweka kwenye Excel"

Hii haina malalamiko kwa hiyo inapita kimya, na ndo inayoonyesha mtu hajahamia. Usimnyang'anye. Muombe akuonyeshe, uangalie safu zake, maana ile Excel inakwambia ripoti gani anaihitaji na hajaipata. Mmoja alikuwa na safu ya nani kaahidiwa kulipwa lini, kwa sababu watu wanamuuliza mlangoni. Mwingine alikuwa na bakaa ya kila mradi kwenye ukurasa mmoja, wakati kwenye mfumo inabidi ufungue mradi mmoja mmoja. Hiyo ya pili iliombwa kwa wataalamu, ikatengenezwa, yule mama akaacha Excel yake bila kuambiwa. Wa kwanza bado anayo, na mimi naona aendelee nayo tu.